Sakafu Isiyotiwa Kiraka

Kaka yangu Himid alikuwa mtu wa magoti. Sisemi hivi kwa kumdharau, ndivyo alivyopata riziki yake: miaka mingi alikuwa boi kwa Mzungu mmoja pale Chake Chake, na kazi yake kubwa ilikuwa kupiga magoti na kusugua sakafu. Sakafu yenyewe ilikuwa ya saruji, nyekundu, imepakwa nta ikasuguliwa mpaka inateleza. Akirudi kwetu Wambaa siku za mapumziko hakuwa na hadithi nyingine. Wenzake walituletea habari za mji, nani kaoa, nani kafungwa, siasa imefika wapi. Yeye alituletea habari za sakafu.

"Wajiona uso," alikuwa akisema. "Wajiona mpaka meno."

"Uso wangu naujua, mwanangu," mama alikuwa akimjibu. "Nipe habari nyengine."

Mama yetu, Bi Mwanabaraka, alikuwa mjane, na alikaa katika nyumba aliyoijenga marehemu baba: kuta za mawe na udongo, paa la makuti, na chini udongo mtupu uliopigwa mpaka ukashikana. Nyumba yetu sisi, mimi na mume wangu Duni, ilikuwa ng'ambo ya kijia tu, na ilikuwa ya namna hiyohiyo ila ndogo zaidi. Hakuna aliyeona kasoro. Wambaa nzima tulikuwa tukilala juu ya udongo mmoja, mwenye mikarafuu na asiyekuwa nayo.

Mzungu alipohamishwa, Himid na mkewe Moza wakarudi kukaa na mama. Ulikuwa mwaka wa karafuu nyingi, zama zile za siasa, watu walipokuwa wakisusiana maduka, harusi na hata maziko kwa sababu ya vyama. Himid hakuwa na chama. Alichuma karafuu zake za urithi, akaziuza, akaenda dukani kwa Premji, na alasiri moja tukaliona gari la ng'ombe linaingia kijijini na mifuko ya saruji. Yeye amekaa juu yake, amepakata kopo la unga mwekundu kama mtu aliyepakata mtoto mchanga.

Habari haikulala. Kesho yake Mmanga, jirani yetu, mtu ambaye penye kazi ya watu ndiye wa kwanza kufika na jembe lake, akaja na wenzake kuuliza ni siku gani waje kusaidia. Kwetu nyumba haijengwi na mtu mmoja. Wanaume hubeba mawe, wanawake hupika, na kazi ikisha kila mmoja ana haki ya kusema, nyumba ile naijua, hata jasho langu limo. Himid aliwashukuru pale pale mlangoni, ndani hakuwakaribisha.

"Kazi hii haitaki miguu mingi," akasema. "Ntaifanya mwenyewe."

"Peke yako?" Mmanga akauliza.

"Peke yangu. Nyie mwajua udongo. Hii si udongo."

Mmanga akacheka, akasema haya bwana, fundi ni wewe. Lakini mimi nilikuwa nimesimama kwenye kijia, nikamwona alivyolitupia jembe begani. Baadaye nilimwambia Himid, kaka, mtu ni watu. Akanijibu kwamba watu wana nyayo.

Kusema haki, kazi aliijua. Alitoa vyombo vyote nje, akalaza vifusi vya mawe juu ya ule udongo wa baba, akavipiga kwa gogo mpaka mikono ikafanya malengelenge. Mchanga wa pwani hakuutia vivi hivi; mimi na Moza tuliuosha kwa maji ya kisima, ndoo baada ya ndoo, maana chumvi, alisema, huila saruji kwa ndani. Akachanganya, akamwaga, akasawazisha kwa ubao mrefu, huku anarudi kinyumenyume kutoka ukutani mpaka mlangoni. Saruji ilipoanza kushika, ingali na majimaji, akanyunyiza ule unga mwekundu aliouchanganya na saruji kavu, akaukandamiza kwa mwiko, akapitisha na kupitisha mpaka ukatoa mng'aro. Halafu akaifunika yote kwa magunia yaliyorowa, akawa anakaa kizingitini kuyamwagia maji asubuhi na jioni ili sakafu isipasuke. Kuku wangu mmoja alisogea kuchungulia, akarushiwa mwiko.

Magunia yalipoondolewa, mama aliingia wa kwanza, pekupeku, akazunguka nyumba nzima. Alipotoka nje, nyayo zake zilikuwa nyekundu.

"Jamani, mie nishatiwa hina," akasema, "na bwana harusi simuoni!"

Tulicheka mpaka Moza akakaa chini. Himid hakucheka. Rangi ilikuwa inatoka, na kwake yeye huo ulikuwa msiba. Akayeyusha nta ya nyuki, akaiepua, akaenda nayo mbali na moto ndipo akaichanganya na mafuta ya taa, akaipaka sakafu yote kwa kitambaa, chumba hadi chumba. Ilipokauka akachukua kumbi la nazi, akalikanyaga kwa mguu mmoja na kuanza kusugua, kiuno kinakwenda huku na huku. Akimaliza anapaka tena nta, anasugua tena. Mwishowe, wallahi, tulijiona nyuso. Meno pia.

Na mama aliipenda. Wako watu leo wanaosema aliichukia, ati alijua litakalotokea. Uongo. Hawakumwona adhuhuri za kaskazi, jua linachoma, yeye amejilaza chini bila ya mkeka, shavu juu ya saruji, anasema waliokufa zamani walikufa na joto lao bure. Alijivuna nayo. Alikuwa akiwaita wanawake wenzake waje waione, na wao wakaja.

Lililoniudhi mimi ni ndoo. Himid aliweka ndoo ya maji na kata nje ya mlango, na kila aingiaye alitakiwa kwanza aoshe miguu. Watoto, sawa. Lakini siku moja alikuja Bi Kazija, shoga yake mama tangu usichana, bibi ambaye maiti wa kike wote wa upande wetu walipita mikononi mwake. Ndiye aliyekuwa akiwaosha. Himid akamzuia mlangoni.

"Bibi, miguu."

"Miguu yangu ina nini?"

"Ina vumbi, bibi."

Bi Kazija akainua mguu wake mwembamba juu ya ndoo.

"Haya," akasema. "Mwosha huoshwa."

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nilimfuata Himid uani nikamwambia, huna haya, bibi wa watu yule. Akasema, mbona yeye mwenyewe amecheka. Hakuelewa, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wa kaka yangu: hakuwa mtu mbaya hata kidogo, ila alikuwa akisikia kicheko asisikie kilichomo ndani yake.

Mwaka wa pili yake, baada ya sikukuu ya mfungo mosi, mama akashikwa na homa. Tulidhani ni homa ya mvua, itapita. Haikupita. Himid alitaka kumpakia gari ampeleke hospitali ya Chake, mama akakataa katakata. Akatuita sote wawili pembeni ya kitanda chake, katika chumba cha kati.

"Mie miguu haina tena safari," akasema. "Babaako alioshwa humu, akatoka kwa mlango huu. Na mie nataka nioshwe humu, nitoke kwa mlango huu. Sitaki kwengine."

"Utapona, mama," Himid akasema.

"Nikipona vyema. Nisipopona?"

"Humu humu, mama. Naahidi."

Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Aliahidi, tena alimshika mkono.

Alifariki asubuhi, jua limeshatoka, Moza anampozea uji. Himid alilia kama mtoto mdogo. Nataka hilo lijulikane, maana baadaye zilizuka kauli kwamba hana machozi. Aliyalia yote, akamfumba mama macho kwa mkono wake mwenyewe, kisha akatoka kwenda kuwaambia watu.

Nao watu wakaja. Nilikuwa na hofu kwa sababu ya siasa, maana miezi ile palikuwa na maiti waliozikwa na jamaa zao tu. Kwa Bi Mwanabaraka walikuja wa chama hiki na wa chama kile, wakakaa nje wamepeana migongo, lakini walikuja. Bi Kazija akafika na wanawake wake, na sanda, na karafuu maiti iliyofungwa katika kitambaa. Chungu kikubwa cha maji kikatelekwa uani. Na Mmanga naye akaja, na jembe lake begani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akichimba mfuo.

Mfuo ni kile kishimo kirefu kinachochimbwa ndani ya nyumba, chini ya kitanda anachooshewa maiti, ili maji yanayomtoka yaingie ardhini pale pale, yasitapakae wala kukanyagwa na watu. Akishaoshwa, mfuo hufukiwa. Ndivyo walivyofanyiwa waliotutangulia. Na sasa sikiliza: Himid aliyeipiga sakafu ile, mimi na Moza tuliomwoshea mchanga, mama aliyeilalia shavu, wageni waliokuja kuisifu, hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuufikiria mfuo. Tulisahau kwamba ndani ya nyumba hufiwa.

Mmanga alinawa miguu yake mlangoni, bila ya kuambiwa, akaingia.

"Pahala wapi, bibi?"

"Papa hapa," Bi Kazija akamwonyesha kwa kidole. "Sogezeni kitanda kidogo. Alisema hapa."

Mmanga aliigonga sakafu kwa kisigino, akaguna kwamba pagumu, pengine mtaimbo utahitajika. Hata hivyo akaliinua jembe. Hapo Himid, aliyekuwa amesimama ukutani, akanyoosha mkono akaushika mpini.

"Ngoja," akasema.

Sote tulifahamu jambo moja. Tulidhani anataka kumchimbia mama yake yeye mwenyewe, na ni haki ya mwana. Mmanga akaliachia jembe kwa heshima, akarudi nyuma. Bi Kazija akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi, Mungu anajua, nilijivunia kaka yangu.

Himid alisimama na lile jembe. Akaitazama sakafu, kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule.

"Hii haitiwi kiraka," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya mtu anayeeleza kazi yake. "Ukiitoboa, hata ukaiziba vipi, rangi hairudi kuwa moja. Uani hakufai? Tukazungushia mashuka?"

Chungu cha maji kilikuwa kinaanza kuunguruma nje.

"Uani," Bi Kazija akasema.

"Penye kivuli, bibi, pale karibu na..."

Niliuona uso wake wakati maneno yake mwenyewe yalipomfikia. Sijaona mtu akiiva kwa aibu namna ile, tangu shingoni mpaka kwenye masikio. Akalisukuma jembe kifuani kwa Mmanga.

"Chimba! Mmanga, chimba. Sikukusudia hivyo, chimbeni, chimbeni popote!"

Mmanga aliweka mikono nyuma.

"Mie najua udongo tu, bwana."

Bi Kazija hakumtazama tena Himid. Alinigeukia mimi.

"Khairiya, kwako chini pana nini?"

"Udongo, bibi."

"Alhamdulillahi. Shikeni kitanda."

"Bibi," Himid akasema, na sasa alikuwa analia, "bibi, mama kaniusia..."

"Kakuusia weye. Mie nina maiti, na maiti hangojeshwi. Wanaume nje."

Tulimbeba mama kwa kitanda chake, wanawake peke yetu, nami nilishika mguu mmoja wa kitanda upande wa kichwa. Tukapita naye kwenye mlango aliousema, lakini hajaoshwa, hajavishwa sanda, kafunikwa kanga tu. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuvuka kijia kile bila ya kujitanda, alivushwa mchana kweupe mbele ya wanaume wa Wambaa nzima. Wanaume wakasimama, wakainamisha vichwa, wa chama hiki na wa chama kile. Nilitazama ardhi njia nzima. Nilikuwa naona haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya Himid, na kwa ajili ya kuwa ndugu, maana aibu ya ndugu huwezi kuiangalia ukiwa mbali. Imo katika mwili wako.

Na aibu haikukomea hapo. Nyumba yangu ni nyumba ya Duni, na Duni ni mkwe. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kula mbele ya mama. Akimwamkia, alimwamkia akiwa nje, macho chini. Sasa mama mkwe wake aliletwa kuoshwa katika chumba anacholala yeye. Mume wangu alichukua jembe, akauchimba mfuo yeye mwenyewe haraka haraka, amegeuza uso ukutani kana kwamba mama anamwona.

"Mkwe wangu atanisamehe," akaniambia, akatoka, akaenda zake pwani. Hakurudi mpaka jeneza lilipokuwa tayari.

Basi aliosheka. Bi Kazija alimwosha shoga yake polepole, na maji yakazama katika udongo wangu bila ya kelele. Aliponifundisha namna ya kummiminia upande wa kulia, nikamimina nusu pembeni, akasema, "Usiogope, ntoto mwema," wanawake wakaitikia kwamba kweli, Khairiya ndiye mwana. Wakanisifu. Kila sifa waliyonipa mimi ilikuwa kofi kwa Himid, naye alikuwa nje ya dirisha anasikia.

Jeneza likatokea kwa mkwe. Likapita mbele ya nyumba yake marehemu, mlango u wazi, ndani kunang'ara. Himid alikuwa mbele kabisa, bega chini ya jeneza. Hakuna aliyemnyima nafasi hiyo, na kaburini alishuka yeye. Watu wetu hawanyimani vya dini.

Walichomnyima ni matanga. Moza alitandika mikeka mipya katika ukumbi wao, akafukiza ubani, akachemsha kahawa, akangoja. Hakuja mtu. Wanawake walijisonga katika vyumba vyangu viwili, bega kwa bega, wengine wamekaa jikoni, na wanaume walijaa kwenye kibaraza cha Duni mpaka wengine wakakaa juu ya mawe. Hakuna aliyemtukana Himid. Laiti wangemtukana! Walimwamkia vizuri, wakampa pole ya msiba, na wakaendelea kukaa walipokaa. Ile ndoo mlangoni kwake ilikauka. Mwishowe na yeye akaja, akavuka kijia, akakaa karibu na viatu vya watu, mgeni katika matanga ya mama yake. Kahawa ilipoletwa alipewa wa mwisho. Mimi ndiye niliyeitia kahawa ile na mimi ndiye niliyeituma, na sikuweza kumtazama.

Mwalimu wa chuo cha Kurani aliulizwa, kwa sababu watu walitaka kujua. Akajibu kwamba sheria haikutaja mfuo. Maji yawe safi, maiti asitiriwe, basi. Hata uani ingejuzu. Nilidhani jibu lile litampa kaka yangu nafuu. Nilimwona akiinamisha kichwa zaidi. Dhambi ina toba yake. Mtu hutawadha, akasali, akaomba msamaha kwa Mola wake. Aibu utaitubia kwa nani, na waliokuona ni majirani?

Kabla ya hitima jina lilikuwa limeshatungwa. Haitiwi Kiraka. Mtoto akichana shuka kwenye mti, wenzake humpigia kelele, mwambie mamaako haitiwi kiraka! Wavuvi wakifuma nyavu zilizokatika, mmoja lazima aulize kama rangi itarudi kuwa moja. Waliokuwa hawasemeshani kwa siasa walisemeshana kwa kaka yangu. Mimi nikienda kisimani, wanawake waliokuwa wakicheka walinyamaza, wakanipisha niteke kwanza, kwa upole mno. Nilikuwa narudi na ndoo kichwani na uso unaniwaka. Nilimchukia Himid njia nzima, nikifika kwenye kijia na kumwona amekaa peke yake kizingitini, nikawachukia wao.

Siku moja baada ya hitima, asubuhi, nilikuwa natwanga nikasikia vishindo kutoka ng'ambo. Nikauacha mchi. Moza alikuwa amekaa nje, kajifunika uso kwa kanga, akanionyesha ndani kwa kichwa tu. Nikaingia, na miguu sikuiosha.

Himid alikuwa amechutama katika chumba cha kati, pale kilipokuwa kitanda cha mama, na mtaimbo mkononi. Alikuwa ameshatoboa. Nilidhani nitakuta ukuta wa mawe, jinsi nilivyoihofu sakafu ile. Kumbe saruji yenyewe ilikuwa nyembamba, unene wa vidole viwili. Chini yake vifusi, na vifusi alikuwa anavitoa kwa mkono. Chini ya vifusi udongo wa baba, laini, mbichi.

"Njoo utazame," akaniambia. "Njoo utazame, Khairiya, ilivyo rahisi."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu mdomoni, maneno niliyoyapanga tangu siku ya maziko, kuanzia ile ndoo mpaka Duni kukimbilia pwani. Nikachuchumaa kando ya shimo.

"Maji ya Bi Kazija yalikuwa hayajachemka," akasema. "Yangechemka nishamaliza. Ningekuwa nishamaliza na bado nakaa namngoja."

Akaweka mtaimbo, akachukua jembe. Kingo za shimo alizichonga sawa, urefu wa kitanda, na upande wa miguu akauteremsha kidogo ili maji yasisimame. Kazi safi. Vipande vyekundu vilikuwa vimetapakaa chumba kizima na yeye anavikanyaga bila ya kuviona.

"Mama keshazikwa, kaka," nikamwambia. "Sasa wachimba nini?"

"Mfuo."

"Ufukie. Mfuo hauchimbwi nyumba isiyo na maiti, watu wakisikia watasema umeingiwa na wazimu. Ufukie, Himid, nakuomba."

"Maiti yumo," akasema, akajigusa kifua bila ya kuniangalia, akaendelea kuchimba.